Siku Rukia Alipokalia Kiti cha India

Vijana wawili waliorithi madarasa yangu ya historia walikuja nyumbani kwangu Shieywe muda mfupi baada ya mimi kuagwa shuleni. Walileta mkate na maziwa, kwa hiyo nilijua wana shida. Chai ilipofika nusu ya kikombe, mmoja wao akasema, "Madam, ni ile mada ya silaha za nyuklia. Wanafunzi wanatuuliza kwa nini nchi ambayo watu wake wengine hawana hata choo inakaa chini inatengeneza bomu. Wewe ulikuwanga unawajibu aje?"

Nikawaambia sikuwa ninawajibu, nilikuwa ninawakalisha. Walitazamana kama watu wanaofikiri kwamba kustaafu kumeanza kunidhuru. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha, hayo mtayajua wenyewe, na mengine ni afadhali msiyajue mapema.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule moja ya bweni ya mseto, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Siku ya kwanza nilikabidhiwa boksi la chaki, kifutio kilichotengenezwa kwa kipande cha blanketi, na ramani ya dunia. Ramani hiyo ilikuwa imechanika Asia, na mtu fulani aliishona kwa uzi wa gunia. Mshono ulipita karibu kabisa na mpaka wa India na China. Kwa miaka mingi kuna wanafunzi wangu walioamini kwamba mpaka ule umewekwa kamba.

Kipindi changu cha kwanza nilizungumza tangu kengele ya kwanza hadi ya pili bila kupumua. Mzee Shivachi, mkuu wa idara yetu, alikuwa amekaa nyuma ya darasa akinisikiliza. Tulipotoka nje aliniambia, "Umefundisha vizuri sana, binti yangu. Ulikuwa unamfundisha nani?"

Yeye ndiye aliyenipa kifaa nilichokitumia mpaka siku ya mwisho, na kifaa chenyewe kilikuwa kiti tu. Kiti cha mbao kiliwekwa mbele ya darasa. Mwanafunzi akikikalia, haruhusiwi kusema "wao." Anasema "mimi." Kama somo ni Ujerumani, basi yeye ni Ujerumani. Na kulikuwa na masharti mawili. Kwanza, unakalia kiti cha yule usiyempenda. Pili, huondoki pale mpaka mwenzako anayempenda aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo ningesema." Mzee Shivachi alisema sharti la pili ndilo linalofundisha, la kwanza ni la kuwachekesha tu.

Kiti hicho kilitusaidia kupita mada nyingi ngumu. Lakini kipindi ninachokikumbuka kuliko vyote ni cha mwaka wa tisini na nane. Kabla sijakieleza, inafaa mumjue Bwana Wafula.

Bwana Wafula alihamia kwetu akiwa naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na mkononi hakukosa funguo. Lango likifungwa jioni, yeye mwenyewe alilijaribu kwa mkono. Katika mikutano ya walimu alikaa akiutazama mlango. Wanafunzi walimwita Bwana Kufuli, na nadhani alijua, kwa sababu siku moja alimwambia mvulana aliyechelewa, "Kufuli limeshafungwa, kijana. Zunguka ukapige magoti." Sisi walimu tulidhani ni ukali wa kawaida wa manaibu. Tulijua tu kwamba kwao ni upande wa mlimani, na kwamba aliondoka huko wakati wa zile vurugu za ukabila, nyumba zilipochomwa. Zaidi ya hapo hakusema, nasi hatukuuliza.

Mimi nilikuwa mlezi wa chama cha habari. Jioni, mwanachama mmoja alisikiliza redio ya matroni, na asubuhi alisoma habari za dunia kwenye paredi. Mwaka huo msomaji wetu alikuwa Rukia, msichana wa kidato cha nne kutoka Mayoni, kule Matungu, ambako baba yake Mzee Hamisi alilima miwa. Rukia alikuwa na sauti ya kufika mpaka jikoni. Mpishi alisema yeye husikia habari zote bila kuacha sufuria.

Sasa, shule yetu ilikuwa na desturi ya makofi ya kilo. Ninyi mnayajua: pa-pa-pa, pa-pa-pa, halafu moja zito la mwisho. Mtu akishinda mbio, kilo. Timu ikileta kombe, kilo. Hata kwenye habari, msomaji akitaja mtu aliyefanya jambo kubwa, aliomba kilo na paredi nzima ikampa. Hatukuwahi kujiuliza nini kitatokea siku jambo kubwa litakapokuwa bomu.

Lilikuja mwezi wa Mei. Rukia alisoma kwamba India imelipua mabomu ya nyuklia ya majaribio, chini ya ardhi, jangwani. Kabla hajafika habari ya pili, sauti ikatoka mstari wa kidato cha nne: "Kilo kwa wanasayansi!" Ilikuwa ya Makokha, mvulana aliyekuwa wa kwanza katika fizikia na hakuacha mtu asahau. Paredi ikapiga kilo. Mwalimu wa fizikia naye akapiga. Mwalimu mkuu akatabasamu, maana aliona vijana wanapenda sayansi.

Mwezi haukuisha kabla Pakistani nayo haijalipua mabomu yake. Asubuhi ile Rukia alipanda jukwaani na sauti yake ilikuwa imepanda hatua moja. Akasoma kwamba Pakistani imejibu. Halafu akasema, kama kawaida yetu, "Na wao pia tuwapigie kilo." Wanafunzi wa Mumias na Matungu, ambao wengi wao ni Waislamu, walipiga kwa nguvu kuliko wengine. Kutoka nyuma mtu mmoja akaita, "Takbir!" na wachache wakaitikia.

Bwana Wafula alikuwa amefika jukwaani kabla mwangwi haujaisha. "Nani amesema hilo neno?" Alimtazama Rukia. "Wewe ndiye uliyewasha. Shuka."

Kufikia adhuhuri Rukia alikuwa amefunga godoro lake kwa kamba na kupelekwa stendi aende nyumbani, arudi Jumatatu na baba yake. Katika mkutano wa walimu Bwana Wafula alisema wazi alichokusudia: Rukia aondolewe bwenini kabisa, asome akitokea nyumbani mpaka mtihani. Mwalimu mkuu alisema nidhamu ni mambo ya naibu, na yeye hataingilia. Ninyi mnajua Mayoni na Kakamega zilivyo mbali. Hakuna msichana ambaye angekwenda na kurudi kila siku wakati wa mvua na bado akafika mtihanini akiwa na akili. Kumtoa bwenini kulikuwa kumtoa shuleni, ila kwa maneno ya adabu.

Nilimfuata Bwana Wafula baada ya mkutano. Alikuwa akifunga kabati.

"Bwana Wafula, wale wa kwanza walipopiga kilo ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulisema nini?"

"Ile ilikuwa sayansi, Madam."

"Na hii?"

"Hii ilikuwa dini."

"Lakini mabomu ni yale yale."

Akazungusha ufunguo mara mbili, ingawa kabati lilikuwa limeshajifunga. "Madam," akasema, "wewe hujawahi kusikia watu wakishangilia moto."

Niliona kwamba nilikuwa nikibishana na mtu asiyebishana na mimi. Nikamwomba jambo moja: kabla ya kuamua, anipe kipindi kimoja Jumatatu na kidato cha nne, Rukia awepo, baba yake awepo, naye mwenyewe awepo.

"Kipindi cha nini? Cha kumtetea?"

"Cha kujua walikuwa wanashangilia nini. Wewe hujui, mimi sijui, na nadhani hata wao hawajui."

Akauchomoa ufunguo. "Kipindi kimoja. Nitakaa nyuma, na nisichekeshwe."

Jumatatu Mzee Hamisi alifika mapema, kanzu nyeupe, viatu vimepanguswa matope kwa majani ya miwa. Chini ya mkono alikuwa na mfuko wenye kuku, kichwa kikichungulia nje.

"Asalaam aleikum, mwalimu."

"Wa aleikum salaam, mzee. Mulembe."

"Mulembe. Huyu kuku si hongo," akasema mara moja, akimtazama Bwana Wafula. "Sisi hatuendi kwa watu mikono mitupu."

"Aingie naye darasani?" Bwana Wafula akaniuliza.

"Amekuja na mzazi," nikasema. "Akae."

Kwa hiyo kipindi kile kilihudhuriwa na wanafunzi wa kidato cha nne, walimu wawili, mzazi mmoja na ingokho mmoja, yaani yule kuku, ambaye alitia neno kila kulipotokea ukimya. Niliweka viti vitatu mbele. Nikaita, "Rukia. Wewe ni India."

Rukia hakusimama. "Madam, mimi? Afadhali nikalie Pakistani."

"Ndiyo maana utakalia India. Makokha, jitayarishe, wewe ni Pakistani."

"Aki Madam, hiyo ni noma," Makokha akasema, na darasa likacheka kidogo kwa woga, maana Bwana Kufuli alikuwa nyuma.

Rukia alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekalia jiko. "India walitaka…"

"Nani?"

"Mimi." Akajisogeza kitini. "Mimi ni India. Kaskazini nina jirani mkubwa, China. Tulipigana milimani, nikashindwa mbele ya dunia nzima. Haikupita miaka mingi yeye akalipua bomu lake. Magharibi nina jirani mwingine, tumepigana mara tatu. Sasa nyinyi mngelala?"

"Hujamaliza," akasema Makokha, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua kama Rukia amesema kama mpenzi wa India angesema. "Heshima je?"

Rukia aliinua kichwa. Nilimwona anaanza kukizoea kiti. "Nina watu wengi kuliko Afrika nzima. Nina vyuo, nina wataalamu, ninatengeneza treni na dawa. Lakini kwenye ile meza ya wakubwa wenye kura ya turufu sina kiti. Watano wanaokaa pale wote wana bomu. Hakuna aliyeniambia kwamba bomu ndilo tiketi. Lakini mimi si kipofu."

"Na watu wako wasio na vyoo?" msichana mmoja akauliza kutoka dirishani.

Hapo ukimya ulikuwa mrefu, na kuku akautumia. Kisha Rukia akasema polepole, "Viongozi wangu wamechaguliwa juzi tu. Choo kinachukua muda kuonekana. Bomu linaonekana siku hiyo hiyo."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Makokha alijaribu kutocheka akashindwa. "Haya, ndiyo. Hivyo ndivyo ningesema."

Ninyi vijana, tazameni alichofanya. Sababu ambazo vitabu hueleza kwa sura nzima, yaani hofu ya majirani, kiu ya heshima, siasa za nyumbani, na wataalamu wanaotaka kuonyesha wanachoweza, Rukia alizitaja karibu zote bila kuziita kwa majina yake. Hakuzisoma usiku uliotangulia. Alizipata kwa kulazimika kusema "mimi." Kazi yangu ilikuwa baadaye, kuandika majina hayo ubaoni na kuchora mshale kutoka kwa kila neno lake.

Makokha akakaa kiti cha Pakistani. Alianza kwa mzaha, miguu ameikunja kama mfalme. "Mimi ni mdogo lakini ni mkali."

"Hapana," Rukia akasema. "Huyo si mimi. Yaani, huyo si yeye."

Makokha akakunjua miguu. "Sawa. Mimi nilikuwa na mikono miwili, mashariki na magharibi. Mkono wa mashariki ulikatwa vitani, ukawa nchi nyingine, na jirani ndiye aliyesaidia kukata. Halafu nikasikia jirani huyo huyo amelipua bomu. Wakubwa wakanipigia simu, wakasema, usijibu, tutakupa misaada. Nikawauliza, na akinivamia mtakuja? Wakaanza kukohoa."

Hata Mzee Hamisi alicheka kule nyuma. Lakini Rukia hakucheka. "Bado umesahau kitu."

"Kitu gani?"

"Hujasema kwamba unaogopa."

"Wanaume hawasemanga hivyo."

"Basi utalala hapo."

Makokha alitazama dirisha, akatazama sakafu. "Ninaogopa," akasema.

"Haya. Hivyo ndivyo ningesema."

Nikawauliza wote wawili, wakiwa bado vitini, kwamba sasa bomu mnalo, mnalalaje? Niliuliza kwa utulivu, kama ninavyowashauri ninyi muulize, bila kuonyesha kwamba nina jibu mfukoni. Rukia alihesabu kwa vidole. "Kabla ya hapo jeshi langu lilikuwa kubwa kuliko lake," akasema. "Nilikuwa ninamzidi. Nilipolipua, naye akalipua. Sasa tumelingana." Alishangaa mwenyewe kusikia alichosema. "Madam, nimejipunguza!"

"Nami wakubwa wamenikatia mikopo," akasema Makokha. "Na mimi ndiye niliyekuwa maskini zaidi. Nimenunua bomu kwa unga wa watoto."

Nasema hapa, kwa faida ya watakaofundisha mada hii, kwamba mwaka uliofuata nchi hizo mbili zilipigana tena milimani, kila moja ikiwa na bomu lake nyumbani. Vita havikuwa vikubwa kama vingeweza kuwa, na wapo wanaosema ni bomu lililovizuia visikue. Wapo pia wanaosema ni bomu lililompa mmoja ujasiri wa kuvianzisha. Wafundisheni wanafunzi hoja zote mbili. Msiwachagulie.

Kiti cha tatu kilikuwa cha mkubwa mmoja kati ya wale watano, anayewaambia wengine wasitengeneze. Hakuna mwanafunzi aliyekitaka. Kila mmoja alimsukuma jirani yake. Ndipo tukasikia funguo zikilia nyuma. Bwana Wafula alikuwa amesimama.

"Nitakaa mimi," akasema. "Hamniwezi."

Alikikalia kwa urefu wake wote. "Mimi ni mkubwa. Ninayo mengi, na ninayaweka vizuri, kwa ufunguo. Ninyi msiwe nayo. Mtachoma dunia."

"Kwa nini wewe uwe nayo?" Rukia akauliza. Alikuwa bado India, la sivyo asingethubutu.

"Kwa sababu mimi nilianza."

Watu wakaanza kucheka.

"Kwa hiyo aliyechelewa, basi?"

"Kuna mkataba. Waliokuwa nayo kabla ya mkataba wanabaki nayo. Wengine lango limefungwa."

"Nani aliyelifunga?"

Bwana Wafula alifungua mdomo, akaufunga. "Mimi," akasema. Darasa lilianguka kwa kicheko, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu ahamie kwetu: naye alicheka, mabega yakitikisika, akajipangusa macho kwa kitambaa.

Lakini hakuondoka kitini. Kicheko kilipoisha aliweka funguo kwenye goti lake, na aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine. Hakuwa mkubwa wa dunia tena.

"Nitawaambia kitu," akasema. "Kwetu nyumba yangu ilichomwa. Waliokuja walikuwa wakiimba na kupiga makofi. Ndiyo maana juzi pale paredi, mliponiona, nilikuwa ninasikia ile siku. Kulipotulia tulirudi shambani, nikajenga tena. Nikanunua upinde na mishale, nikautundika sebuleni. Jirani yangu si wa kabila langu. Yeye hakunichomea, ninajua hivyo, lakini kabila lake ndilo lililokuja. Alipita siku moja kuazima jembe akauona upinde. Hakusema kitu. Wiki hiyo hiyo naye akanunua wake. Mimi sikuununua kwa ajili yake, na yeye ninajua hakuununua kwa kunichukia. Lakini tangu hapo watoto wetu hawachezi pamoja, na jembe haliazimwi. Mke wangu ananiambia silali vizuri kama nilivyolala kabla ya kuununua."

Nilimtazama Mzee Hamisi; alikuwa ameinama, mkono juu ya kuku kumtuliza.

Rukia aliuliza kwa adabu, si kama India, kama Rukia: "Mwalimu, huo upinde uko wapi sasa?"

"Uko pale pale."

"Na wa jirani?"

"Na wake uko."

"Sasa nani aanze kuutoa?"

Bwana Wafula alizitazama funguo zake. Makokha alitaka kumsaidia. "Madam, Afrika Kusini ilikuwa na mabomu yake ikayavunja yenyewe."

"Afrika Kusini haikuwa na jirani mwenye upinde," akasema Bwana Wafula.

"Basi wote siku moja!" Makokha akaendelea. "Kama wakataji miwa. Ndugu yangu anakatanga kule Mumias. Wakigombana, nyapara anasema 'chini!' na kila mtu anaangusha panga lake hapo hapo, kabla hata ya kusikiliza nani ana makosa. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho."

"Na mmoja akiwa na lingine amelificha kwenye miwa?" Rukia akauliza.

"Kuna nyapara."

"Kati ya India na Pakistani nyapara ni nani?"

Makokha akageuka akamtazama mkubwa aliyekuwa bado kwenye kiti cha tatu, na mkubwa akatikisa kichwa kuonyesha kwamba yeye hawezi kuwa nyapara hali ana panga mkononi. Kengele ikalia. Sikusema neno la kufunga kipindi. Mwalimu kijana hutaka kila kipindi kifungwe kama mfuko wa sukari. Swali kama lile waacheni watoke nalo mlangoni, walibebe mpaka chakula cha mchana, wagombane nalo juu ya sahani za obusuma, ugali wetu. Nimelifundisha somo hilo kila mwaka tangu wakati ule, na sijasikia jibu lililokubaliwa na darasa zima.

Nje, chini ya ubaraza, tulibaki wanne: mimi, Bwana Wafula, Rukia na baba yake. Rukia alikuwa amekunja mikono kifuani. Bwana Wafula alimtazama mzee, si yeye.

"Mzee, huyu mtoto ulimtuma ashangilie?"

"Mimi nilimtuma asome," akasema Mzee Hamisi. "Kuhusu hayo mabomu, mwalimu, mimi nilimuuliza nyumbani, Pakistani ni ndugu zetu wa wapi, Matungu au Mumias? Alilia."

"Ulikuwa unashangilia nini?" Bwana Wafula akamgeukia Rukia. Hakuuliza kwa ukali.

"Wakubwa waliwaambia wasifanye, wakafanya," akasema Rukia. "Nilifurahi kwamba kuna mtu alikataa. Sikufikiria moto."

Bwana Wafula aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Mzee, mtoto atabaki bwenini," akasema. "Nitamwambia mwalimu mkuu. Na yule aliyeita neno lile nyuma simtafuti tena. Lakini kwenye habari, kuanzia leo, watu wasikilize tu."

Mzee Hamisi alimshukuru, kisha akasimama akikuna kidevu kwa aibu. "Kuna shida moja. Godoro lake sikulibeba. Sikudhani… Lilibaki Mayoni."

Hakuna aliyemwuliza kwa nini hakulibeba. Matroni alimpangia Rukia kulala na rafiki yake kwa muda. Kuku alinifuata Shieywe, kwa sababu mzee alikataa katakata kurudi naye, na Bwana Wafula alikataa katakata kumpokea.

Alhamisi nilikuwa nikivuka uwanja na madaftari ya kusahihisha nilipomwona Mzee Hamisi langoni, amesimama kando ya baiskeli, godoro limeviringishwa na kufungwa kwa kamba nyuma ya kiti, upande mmoja umelowa mvua ya njiani. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Bwana Wafula alitoka ofisini, akalifungua lango, akafungua kamba. Walisema maneno machache ambayo sikuyasikia. Kisha akashika ncha moja ya godoro, mzee akashika nyingine, wakalibeba kupita uwanjani mpaka mlango wa bweni la wasichana, mahali wanaume wanapoishia, na Rukia akatoka kulipokea.